Mlima, Ziwa na Barabara Iliyo Katikati

Jiji la Mwanza limejengwa mahali ambapo ardhi tambarare ni haba. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, upande mwingine kuna vilima vya mawe, na katikati umebaki ukanda mwembamba unaogombaniwa na barabara, reli, masoko, viwanda na vituo vya daladala. Ndiyo maana barabara kubwa za kuingia na kutoka mjini ni tatu tu: ya Makongoro, inayokwenda Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege, ya Nyerere, inayopita Mabatini, Buzuruga na Igoma kuelekea Musoma, na ya Kenyatta, inayopita Igogo, Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara, ambako wa Shinyanga na wa Sengerema huachana. Mtu anayeishi juu ya mawe ya Mabatini, Igogo au Bugarika hana namna ya kufika sokoni, shuleni, hospitalini au ziwani pasipo kukutana na mojawapo ya barabara hizo.

Nimeanza na jiografia kwa sababu mazungumzo yetu mengi kuhusu usalama wa mwenda kwa miguu huanzia kwenye tabia yake. Huambiwa awe makini, aache simu, avuke penye alama, avae nguo zinazoonekana usiku. Mawaidha hayo ni ya kweli, na mzazi asiyempa mtoto wake anamkosea. Lakini mfikirie mtu ambaye barabara imekaa kati ya kitanda chake na riziki yake: huivuka asubuhi na jioni, akiwa mzima na akiwa na homa, akiwa na furaha na akiwa amefiwa, tangu yuko darasa la kwanza hadi atakapotembelea mkongojo. Katika miaka yote hiyo ipo siku ataghafilika, kwa kuwa binadamu hughafilika, na dereva naye vivyo hivyo. Kinachoamua kama kughafilika huko kutaishia kwenye matusi ya dirishani au kwenye matanga ni mwendo wa gari na jinsi barabara ilivyojengwa, mambo mawili ambayo mwenda kwa miguu hakuulizwa.

Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba kabla ya kuvuka watazame kulia, watazame kushoto, watazame tena kulia, kisha wavuke. Sina ugomvi na somo hilo. Tatizo ni kwamba linadhani mtoto ana mahali pa kusimama na kuona. Simama asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu hivi, kwenye kituo chochote chenye watu wengi kando ya Barabara ya Kenyatta, kisha uiname ufikie kimo cha mtoto wa miaka saba. Barabara huioni. Unachoona ni ubavu wa Hiace iliyosimama nusu ndani ya kituo na nusu juu ya mistari ya kivuko, bajaji mbili zilizojibanza nyuma yake, mkokoteni wa miwa, na miguu ya abiria wanaogombania mlango huku konda akipiga bati. Ili atazame kulia, mtoto huyo ni lazima kwanza atokeze mbele ya pua ya Hiace, yaani awe amekwisha kuingia barabarani. Dereva wa gari dogo linalokuja, kama ni muungwana, atasimama na kumpungia mkono apite. Hapo ndipo hatari kubwa zaidi inapoanza, kwa kuwa bodaboda aliye nyuma ya gari hilo hamwoni mtoto. Anaona gari lililosimama bila sababu anayoifahamu, naye ana abiria anayemhimiza, basi analipita kwa kulia. Mtoto ametii somo lote, dereva wa kwanza ametii sheria, na bado mtoto na pikipiki wanakutana katikati ya lami.

Nimeliona tukio la namna hiyo kwa macho yangu, na kwa rehema za Mungu lilikwisha kwa begi la shule kupasuka na madaftari kutawanyika. Bodaboda alisimama, akaokota madaftari mawili, akamkabidhi mtoto na kumwambia, “Mdogo wangu, uwe unaangalia.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametetemeka kuliko mtoto mwenyewe. Aliyeyasikia maneno hayo angedhani kulikuwa na kitu ambacho mtoto yule angeweza kukiangalia akakiona.

Kuhusu mwendo, sheria yetu iko wazi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na vibao vya 50 vimejaa katika barabara zote tatu nilizozitaja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5. Kwa aliye ndani ya gari, vioo vimepandishwa na muziki unacheza, tofauti hiyo ya kilomita 15 haisikiki hata kidogo. Kwa aliye nje ndiyo tofauti kati ya kuvunjika mguu na kuzikwa. Katika mwendo wa 50 gari hula takribani mita 14 kila sekunde, na katika 65 hula mita 18, na sekunde hiyo moja hupita kabla mguu wa dereva haujaigusa breki. Kibao cha 50, kwa hiyo, hakikuwekwa kwa ajili ya kumkera dereva.

Hata hivyo kibao peke yake ni bati lililopakwa rangi. Anayesafiri na mabasi ya njia ya Musoma anajua kinachotokea: dereva anayetoka mbele anawasha taa mara mbili, maana yake trafiki yuko kule na tochi ya kupimia mwendo, na basi linashuka hadi 48 kwa heshima zote. Tochi ikishapitwa, mwendo unapanda tena, ilhali nyumba, shule na genge la nyanya kando ya barabara ni zilezile. Madereva hawa ni watu wazima wenye watoto, na sidhani kwamba wana roho mbaya kuliko mimi. Barabara iliyonyooka, pana, yenye lami laini, humwambia dereva aende, na inamwambia kwa sauti kubwa kuliko kibao. Ukitaka watu waende polepole mahali fulani, ni lazima barabara yenyewe iwakatalie kwenda haraka.

Hali yetu si ya peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021, na kwamba 274,000 kati yao walikuwa waenda kwa miguu, sawa na asilimia 23. Vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na asilimia 80 ya barabara duniani hazifikii viwango vya usalama wa mwenda kwa miguu. Barabara ni muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wenye takwimu kama hizo ungekuwa na chanjo zake, siku zake za kampeni na wodi zake.

Mwanza ina jibu moja linaloonekana kwa mbali, nalo ni daraja la waenda kwa miguu. Tunalo la Mabatini na tunalo la Furahisha, ambalo Rais John Magufuli alilizindua mwaka 2017 na ambalo wageni hupenda kupigia picha. Sitayabeza. Mahali penye magari mengi kiasi kile, daraja limewaepusha wengi na mauti, hasa wanafunzi. Lakini siku moja nilimuuliza mama mmoja anayeuza samaki, ambaye alikuwa amevuka kwa chini huku ndoo ya sato ikiwa kichwani. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza kwa nini hakupita juu. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwulizaji. “Mwanangu, lile daraja ni la watoto wa shule. Mimi na goti hili na ndoo hii, nikipanda kule na kushuka, na kesho tena, na keshokutwa tena, nani atanilipa lile goti?” Nikamwambia kwamba chini ni hatari. Akajibu kwamba anajua, ndiyo maana huwa anakimbia.

Jibu la mama yule limenifundisha kuliko vipeperushi vingi. Daraja la juu hutatua tatizo la kukutana kwa gari na mtu kwa kumwondoa mtu. Gari halipunguzi mwendo, halisubiri, halipandi popote. Anayepanda ngazi ni yule asiye na injini, mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, au mzee, au mlemavu. Na kwa kuwa chini pameachwa kuwa pa magari peke yao, madereva hupita wakijua kwamba hapatakiwi kuwa na mtu, kwa hiyo yule anayekimbia kwa chini anakuta magari yaendayo kasi zaidi kuliko kabla. Barabara kuu ya kwenda nchi jirani, yenye malori ya mizigo, ina haki ya daraja. Barabara ya katikati ya mji ingefaa kwanza ijaribu tuta, kivuko kilichoinuliwa na kisiwa cha kupumzikia katikati, ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati wake na magari yajifunze kusubiri.

Namna hii ya kufikiri, kwamba barabara ni ya gari na mtu ni mgeni ndani yake, haikuanza na sisi, wala haikuwapo tangu zamani. Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari na kufa pale Crystal Palace, London, na ndiye anayetajwa kuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la injini nchini Uingereza. Gari hilo lilikuwa katika maonyesho, likibeba watu wa kujaribu usafiri mpya. Baraza lililochunguza kifo chake liliamua kwamba ilikuwa bahati mbaya. Miaka 27 baadaye, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, wananchi waliochoshwa na mazishi walikusanya saini zipatazo 42,000 wakitaka kila gari la mji lifungwe kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi kilomita 40 hivi kwa saa. Wauza magari waliingia kazini, wakafanya kampeni, na pendekezo hilo likashindwa katika kura ya mwaka 1923. Katika miaka hiyohiyo miji ya Marekani ilianza kutunga sheria za kumwadhibu mtu anayevuka barabara pasipo na alama. Los Angeles ilitunga ya kwake mwaka 1925. Ndani ya kizazi kimoja, aliyekuwa akiulizwa maswali aliacha kuwa mwenye gari, akawa mwenye miguu.

Maswali hayo nimeyasikia nyumbani kwetu. Shangazi yangu aligongwa na pikapu upande wa Igoma, wakati wa magharibi, jua limezama na taa za barabarani hazipo. Alikuwa akitembea pembezoni mwa lami kwa sababu upande wa pili wa pembezo hiyo kuna mtaro wa mawe ulio wazi, wenye kina cha mtu kuzama hadi kifuani, na vifuniko vyake vingi vilishang’olewa. Anayetembea hapo hana pa kukimbilia. Akikwepa gari anaangukia mtaroni, akiukwepa mtaro anaingia barabarani. Alivunjika paja na mkono. Tuliokwenda kumwona tulikuta majirani wamejaa, na kila aliyeingia, baada ya pole, aliuliza jambo lilelile: alikuwa anavukia wapi? Alikuwa amevaa nini? Alikuwa na simu sikioni? Hakuna hata mmoja aliyeuliza lile pikapu lilikuwa na mwendo gani, wala kwa nini dereva alikuwa na taa kubwa zilizomlevya macho kila aliyemkabili, wala nani alipaswa kufunika mtaro. Walikuwa watu wema waliobeba ndizi na sukari.

Niseme kidogo kuhusu yanayofuata baada ya kugongwa, kwa sababu ni mengi na watu hawayajui. Majeruhi anapaswa kuwa na fomu ya polisi, PF3, na watu huichukulia kama kikaratasi cha kuruhusiwa kutibiwa tu. Fomu hiyo na taarifa ya ajali iliyoandikwa kituoni ndiyo mwanzo wa madai. Kila gari linalotembea barabarani Tanzania linatakiwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, liwe na bima inayomlinda mtu wa tatu, na mwenda kwa miguu ndiye mtu wa tatu hasa. Lakini utaratibu wa mtaani ni mwingine. Ndugu wa dereva wanakuja na bahasha, wazee wanakaa, mambo yanaitwa ya kibinadamu, na familia inapokea kiasi kisichotosha hata vyuma vya mfupani, kisha inatia sahihi kwamba imeridhika. Shangazi alilala miezi. Genge lake la mboga lilichukuliwa na mwingine. Hasara ya namna hiyo haimo katika takwimu yoyote ya vifo, kwa kuwa alipona.

Sasa kuhusu matuta. Katika barabara ya Musoma, kuanzia Kisesa hadi Magu na kuendelea, ukiuliza kwa nini tuta liko hapa na si pale, mara nyingi utasimuliwa habari ya mtoto. Aligongwa, wananchi wakapanga mawe na magogo barabarani, magari yakasimama saa kadhaa, mkuu fulani akaja akaahidi, na baada ya muda tuta likajengwa. Ni utaratibu unaofanya kazi, na ndiyo huzuni yake, kwamba mahali pa tuta panachaguliwa na marehemu. Hofu yangu iko pia upande wa Usagara. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na hakuna anayekumbuka kwa mapenzi foleni ya feri iliyokuwa ikivusha magari ziwani. Ila foleni ile ilikuwa ikiyasimamisha malori yote. Sasa yanapita moja kwa moja, na vijiji vilivyozoea magari yaliyokuwa yakija kwa mafungu vinapaswa kujifunza upya kuvuka.

Kumbe tunajua la kufanya kabla ya msiba. Jijini Dar es Salaam, Amend, shirika linaloshughulikia usalama barabarani, liliendesha mpango wa kutengeneza mazingira ya barabara zinazozunguka shule za msingi zilizokuwa na watoto wengi wanaojeruhiwa. Hawakujenga maajabu. Waliweka matuta, vivuko, njia fupi za miguu na nguzo za kuzuia magari kupanda njia hizo, na mahali pengine walihamisha geti la shule kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Tathmini iliyofanyika ilionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa takribani robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Suluhisho la Kitanzania, lililopimwa Tanzania, la gharama inayolipika. Sioni kwa nini lipate tabu kufika Mwanza, ambako lami inapatikana na mawe ni bure.

Mtaani kwetu suala hili lilifika kwenye mkutano, chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa. Tuna njia moja ya miguu inayoshuka kutoka kwenye mawe, na inapotua barabarani ndipo watu wote wanapovukia, wakati kivuko chenye mistari kimechorwa mbali, mbele ya kona, mahali ambapo hakuna anayekwenda. Tulitaka kivuko kihamishiwe kwenye mdomo wa njia na kiinuliwe kama tuta. Mzee mmoja alipinga. Alisema watu wajifunze kutembea hadi kwenye mistari, kwani mistari haiwezi kuwafuata watu. Kijana wa bodaboda alimjibu, kwa adabu, “Babu, lami yenyewe ilitufuata huku. Njia ya miguu ilikuwepo kabla.” Watu walicheka, na babu naye akacheka, ingawa hakubadili msimamo.

Mhandisi aliyealikwa alisikiliza vizuri. Alisema barabara ile haimo mikononi mwa ofisi yake bali ya wakala mwingine, akaahidi kuifikisha barua, kisha akauliza swali lililotukuta mikono mitupu: ni watu wangapi huvuka pale kwa saa moja? Idadi ya magari ilikuwapo, ya kila aina, kuanzia pikipiki hadi lori la ekseli nyingi, kwa kuwa magari huhesabiwa kila barabara inapopangiwa matengenezo. Watu hawakuwa wamehesabiwa na yeyote. Mwenyekiti aliahirisha barua hadi namba ipatikane, akawaomba vijana wawili wakae pale Jumatatu na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi na tena jioni, wanafunzi katika safu yao, wenye mizigo kichwani katika safu yao, na wazee katika ya kwao. Yule mzee aliyepinga ndiye aliyesema kwamba wahesabu pia wale wanaokimbia.